UZI: Nilijitolea kama mbunifu majengo Msumbiji baada ya Kimbunga Idai. Varanda yangu ilipeperuka

Kenchi na Papi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha kwa miaka. Kilichonisukuma ni Hidaya. Mei 2024 kimbunga kinakuja upande wa Mafia, humu mnatupiana vichekesho vya miamvuli, mimi niko Tabata nimelala chali natazama dari. Mtu akishaona bati linavyotoka kwenye paa, hafanyi mzaha na upepo tena.

Mimi ni mbunifu majengo. Chuo Kikuu Ardhi nimepita, AQRB (bodi ya kusajili wabunifu majengo) nimesajiliwa. Hadi 2019 riziki yangu ilikuwa nyumba za Goba na Madale: vyumba vinne vyote "masta", sebule ya kukimbizia mbuzi, geti ambalo bei yake ingeezeka darasa. Sidharau, ndizo zilizonilisha na bado zinanilisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, Idai ikaingia Beira. Waliokufa Msumbiji peke yake walizidi 600. Ukiweka na Zimbabwe na Malawi wanapita elfu. Mto Búzi na Mto Pungwe ilimwagika hadi picha za satelaiti zikaonyesha kama bahari mpya imezaliwa nchi kavu. Vyumba vya madarasa zaidi ya 3,000 viliezuliwa au kubomoka.

Miezi michache baadaye nikaona tangazo la shirika moja dogo. Jina nabaki nalo. Wanatafuta mbunifu majengo wa kujitolea, miezi mitano, wilaya ya Búzi: vyumba vinne vya madarasa katika mabloku mawili, pamoja na vyoo. Malazi, chakula na bima juu yao. Tiketi nusu kwa nusu. Posho hakuna. Nikaomba, nikapata. Mama watoto hakunizuia, aliuliza swali moja tu: "Na mafundi utaongea nao lugha gani?"

Sikuwa na jibu. Natype kwa simu, nitaweka sehemu kwa sehemu, vumilieni.

Chaga Mpole

Siti ya mbele. Nimeleta na kahawa.

mdogo_wa_ardhi

Kaka mkubwa, niko mwaka wa nne hapo hapo Ardhi. Nasubiri kwa hamu.

Kenchi na Papi

SEHEMU YA KWANZA

Nilichora kabla sijaondoka Dar. Hilo ndilo kosa la kwanza. Nilikuwa na picha za saiti, vipimo vya kiwanja, idadi ya wanafunzi, na muda mwingi wa usiku. Nikachora jengo zuri, wallahi lilikuwa zuri. Paa moja kubwa la bati linaloelea juu ya kuta, linashuka kwa mteremko mmoja bila kukatika hadi kwenye varanda ya mita mbili na nusu, watoto wakae kivulini wakisubiri zamu. Shirika wakaipenda, wakaipeleka kwa wafadhili, wafadhili wakaiweka kwenye ripoti yao. Hata mguu sijaweka Beira, jengo lilishapigwa makofi.

Nikafika Septemba 2019 kwa kupitia Johannesburg. Siku ya tatu saiti, kijana wa stoo ananiambia kwa Kireno cha polepole: chapa imeharibika njiani. Mimi nilikuwa nimekariri maneno ya ujenzi usiku kucha, najua *chapa* ni bati. Nikawaka. Bati linaharibikaje njiani? Mmelibeba vipi? Nani aliyepakia? Nusu saa nafoka kwa lugha ya mikono. Baadaye naona mafundi wanakuja kwa miguu, wamelowa jasho, wananitazama vibaya. Kumbe kwao chapa ni bati, na chapa vilevile ni daladala. Lililoharibika ni gari lililowabeba wao.

Niliomba radhi kwa kununua soda kreti mbili. Ikasaidia kidogo.

Fundi mkuu kule wanamwita *mestre*. Wetu alikuwa mzee wa miaka 66, mfupi, mkono mmoja umekakamaa kidogo. Alisubiri nimalize aibu yangu ya chapa ndipo akanisogelea na kuniambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kutoa amri: "Wewe! Mtanzania! Mimi Nachingwea!"

Wakuu, nilitaka kulia. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianzishwa Dar mwaka 1962, hilo tunalisoma shuleni tukajibu mtihani tukasahau. Huyu mzee alikuwa kijana kambini Nachingwea kabla ya uhuru wao wa 1975, na Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa cha gwaride. "Lete! Simama! Haraka! Pumzika!" Hata akiniomba chumvi mezani ni kama anateka kituo cha adui. Lakini tulielewana. Mimi namwita mzee, yeye mara ananiita mwanangu, mara *camarada*, inategemea nimekosea kiasi gani.

Nikamtandazia michoro. Akaitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mstari wa paa kutoka juu kabisa hadi ukingo wa varanda.

"Hii nzuri," akasema. Halafu: "Hii itaruka."

Chaga Mpole

Ukaona mzee anakuletea ushamba.

Kenchi na Papi

Ndivyo nilivyoona, mkuu, sikatai. Mimi nina digrii na muhuri, yeye ana futi kamba iliyofutika namba.

Alinieleza kwa maneno yake machache na kwa shuka. Usiku wa Idai alikuwa amejibanza na familia kwenye jengo moja la tofali lenye varanda kama yangu. Akavua shuka begani, akaishika ncha, akaivuta taratibu halafu kwa nguvu. Varanda ilitangulia kunyanyuka, ikalivuta paa zima nyuma yake kama mtu anayemfunua mwenzake kitandani. Upepo ukiingia chini ya varanda unakutana na ukuta, hauna pa kwenda isipokuwa juu. Na juu ya bati nako upepo unaopita unanyonya. Kwa hiyo bati linasukumwa kutoka chini huku linavutwa kutoka juu, na limeungana moja kwa moja na bati la darasani.

Alichotaka ni hiki: paa la darasa liishie ukutani, litokeze kidogo tu, sentimita 30 au 40. Liwe la pande nne, lisiwe na ule ukuta wa pembetatu unaopokea upepo kifuani. Varanda ijengewe paa lake peke yake, chini zaidi, kwenye nguzo zake. "Ikitaka kwenda, iende yenyewe."

Nikamwambia michoro imeshapitishwa. Na kweli ilikuwa imepitishwa. Muhuri wangu wa AQRB kule haukuwa na kazi, aliyesaini alikuwa mhandisi wa Beira, naye alinitaka niongeze vyuma vya kufungia. Nikaongeza vyuma. Umbo sikugusa, kwa sababu umbo ndilo lililokuwa kwenye ripoti ya wafadhili.

Bloku la kwanza likajengwa kwa mchoro wangu.

Nondo 16

Hadithi tamu ila mimi ni mhandisi, nataka namba. "Upepo unanyonya" ni maneno ya vijiweni.

Kenchi na Papi

Haya, namba hizo. Chukua upepo wa kilomita 160 kwa saa, Idai ilifika hapo na kupita. Hiyo ni mita 44 kwa sekunde. Nusu ya uzito wa hewa, mara kasi, mara kasi: unapata msukumo wa kama kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Sijagusa pembeni na kwenye kona, ambako mvuto unazidi. Sasa lipime paa lenyewe. Bati geji 28, papi (mbao za kupigilia bati), kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), vyote kwa pamoja kilo 20 kwa mita ya mraba hazifiki. Paa linashinda juu ya nyumba kwa sababu limefungwa, uzito wake haulisaidii kitu. Na kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne, ndiyo maana nyumba iliyovumilia kaskazi miaka ishirini inaweza kuondoka kwa saa moja.

Halafu fuata mnyororo. Bati limeshikwa na papi. Papi zimeshikwa na kenchi. Kenchi imeshikwa na ile mbao inayolala juu ya ukuta. Mbao imeshikwa na lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta. Lenta imeshikwa na nguzo, nguzo na msingi. Upepo unatafuta pingili moja tu iliyo legevu. Nenda mtaani kwako leo uliza fundi kenchi ameifunga na nini. Atakuambia waya wa kufungia nondo, amezungusha mara mbili.

Nondo 16

Sawa, nimekubali. Ila kona usiseme "zinazidi", sema zinaweza kufika mara mbili. Watu wajue.

Wa Kwa Njenga

Salamu kutoka Nairobi. Mimi pia ni mbunifu, BORAQS, bodi yetu ya usajili, wananijua kwa ada ya kila mwaka. Mleta uzi, paa la kuelea unaloliponda ndilo lililompatia mbunifu Francis Kéré sifa. Shule ya msingi ya Gando ilikamilika 2001, akapata tuzo ya Aga Khan 2004, na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote za ubunifu majengo. Unataka kutuambia alikosea?

Kenchi na Papi

Jirani, hajakosea hata chembe. Aliyekosea ni mimi niliyenakili.

Gando iko Burkina Faso, ndani kabisa ya bara. Adui wa pale ni joto. Alijenga dari kwa tofali za udongo, akalinyanyua bati juu yake kwa vyuma vyepesi ili hewa ya moto ipite katikati na kuondoka. Kila kipande kina sababu ya pale pale. Tena yeye ni mtoto wa kijiji kile, hakuhitaji mkalimani kumuuliza mjomba wake mvua inatoka upande gani.

Mimi nikalibeba umbo lile bila ile sababu nikaliweka kwenye pwani ya vimbunga. Na siko peke yangu. Zungukeni muone shule na zahanati za wafadhili Afrika hii, kila moja ina bati linaloelea, iwe jangwani iwe ufukweni. Limekuwa sare.

Tofali la Saba

Mimi niseme lisilosemwa. Huku Mkuranga watoto wanakaa chini, wewe unakwenda kujitolea kwa Wamakua na Wareno. Ungeanza nyumbani. Hii ya kujitolea nje ni utalii wenye cheti.

Kenchi na Papi

Mkuu, hapo Búzi ni Wandau na Wasena, Wamakua wako juu kaskazini. Lakini swali lako ni halali.

Nilipojaribu kujitolea kwenye shule ya kwetu Handeni, niliambiwa ramani ya wizara ipo, fundi yupo, kilichokosekana ni saruji, kama ninayo niilete. Wana haki. Mbunifu anakaribishwa bure mahali ambapo ramani ya serikali imekwenda na maji.

Ila kuna jambo lilinikata maini kuliko hilo lako, ngoja nilitapike. Shirika lilinipa mkalimani, kijana wa Beira, mpole, kila siku ana daftari. Wiki ya tatu mvua imetukwamisha stoo, nikaomba daftari lake nichore kitu. Nafungua, nakuta kachora jengo langu lote upya. Mikato, maungio ya kenchi, kila kitu, mkono safi kuliko wangu. Namuuliza umejifunza wapi. Ananijibu amesomea ubunifu majengo Maputo, amemaliza, hana kazi. Analipwa kwa siku kunitafsiria maneno ambayo anayajua kuliko mimi.

Nilikwenda kwa mratibu usiku ule ule. Nikamuuliza kwa nini mimi na si huyu. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia andiko la mradi lilisema "mbunifu wa kimataifa", bajeti ya mbunifu wa ndani haikuwepo. Mimi ni wa bure, yeye angehitaji mshahara. Fikirini hapo: bure yangu ndiyo iliyomkosesha yule kazi.

Tofali la Saba

Duh. Nimefuta nilichotaka kuandika.

binti_kasulu

Mleta uzi, hayo ya mkalimani tunayaona kila siku. Mimi nimefanya kazi ya makazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kambi ile ni ya tangu 1996, ilianza na Wakongo, 2015 Warundi wakaja kwa wingi tena. Kuna mtu amezaliwa kwenye makazi ya muda, ameolea mle mle, ana watoto watatu, na sisi kwenye makaratasi bado tunamwandika wa muda.

Wabunifu wa kujitolea wakija wanataka kutuachia nyumba ya ajabu ya kupigia picha. Mimi ninataka mtu wa kukaa na mafundi wakimbizi wiki sita tukagombane kuhusu tofali mbichi zinavyonyonya maji kutoka chini. Hilo halipigiwi picha.

Na wajifunze soko. Baada ya 1994 UNHCR iligawia Wanyarwanda maturubai na mabomba ya alumini ya kusimamishia. Watu wakayauza mabomba, maana alumini ni pesa, wakaingia msituni kukata miti ya kusimamishia turubai. Yule mbunifu Mjapani, Shigeru Ban, ndipo alipoleta wazo la mabomba ya karatasi ngumu, yakajaribiwa Byumba, Rwanda, 1999, makazi 50. Karatasi hakuna wa kuinunua. Kabla ya kuuliza kifaa kinabeba uzito gani, uliza sokoni kinauzwa bei gani.

Wa Kwa Njenga

Hii ya alumini sijawahi kuisikia darasani hata siku moja. Kambi yetu ya Kakuma pia ni ya tangu 1992, story ni ile ile.

Kenchi na Papi

SEHEMU YA PILI

binti_kasulu, ungekuwa mratibu wangu ningepona mapema.

Baada ya usiku ule nilifanya mambo mawili. Kwanza nikaanza kumpa kijana michoro, si maneno. Bloku la pili alichora yeye, mimi nikawa nakagua, na jina lake likaandikwa kwenye kona ya mchoro. Mshahara sikufanikiwa kumpatia, nisiwadanganye. Posho ya siku ikaongezwa kidogo, basi.

Pili, bloku la pili likajengwa anavyotaka mestre. Wafadhili niliwaandikia kwamba tumepata "maboresho ya kiufundi". Walijibu wakiuliza kwa nini mabloku mawili hayafanani kwenye picha.

Maelezo ya bloku la pili kwa wanaojenga: kabla zege la lenta halijamwagwa, tulipitisha nondo za milimita 8 chini ya nondo kuu za lenta, ncha mbili zimechomoza juu kila panapokaa kenchi. Kenchi ikishapanda, ncha zinakunjwa juu yake na kupigiliwa misumari. Kwenye kona nguzo za zege zimeunganishwa na msingi na lenta. Bati lilipigwa misumari ya kofia mirefu, inatokeza chini ya papi, mtoto anapita kwa ngazi anazipinda ncha kwa nyundo. Pembezoni kila mgongo wa bati una msumari, katikati mgongo mmoja baada ya mwingine. Skrubu zingekuwa bora, ila mestre aliniuliza: "Skrubu ikipotea, Búzi duka gani?"

Tulikesha na mvua za Desemba. Hapo ndipo vyoo viliponiumbua. Mashimo tulichimba Oktoba ardhi imekauka, nikajisifu jinsi yalivyo marefu. Januari maji ya ardhini yakapanda, yakakutana na choo katikati ya safari. Sitaeleza zaidi, kuna watu wanakula. Wamama wa jirani walicheka, kila mtu pale anajua huwezi kuchimba choo namna ile, hakuna aliyeulizwa. Tukajenga vingine vilivyonyanyuliwa, unapanda ngazi nne, shimo nusu liko juu ya ardhi limejengewa. Vibaya kwa macho, vinafanya kazi.

Februari 2020 nikaondoka. Mwezi uliofuata dunia ikafungwa kwa corona, nikaona nimechomoka kwenye tundu la sindano.

mdogo_wa_ardhi

Varanda ilipeperuka lini sasa? Umetuacha njia panda.

Chaga Mpole

Kahawa imekwisha mkuu, malizia.

Kenchi na Papi

Nilikuwa napumua.

Tarehe 23 Januari 2021 Kimbunga Eloise kikaingia pale pale karibu na Beira, upepo kama kilomita 140 kwa saa, na Búzi ikafurika tena. Siku tatu simu ya yule kijana mkalimani haipatikani. Siku ya nne WhatsApp ikalia mfululizo, picha kumi na moja.

Bloku la kwanza, langu: varanda yote imekwenda, na imeondoka na bati la mbele la chumba kimoja hadi karibu na kofia ya paa. Vile vyuma alivyodai mhandisi ndivyo vilivyookoa kenchi, zimebaki zimesimama kama mbavu za samaki aliyeliwa upande mmoja. Madawati yamelowa. Bati moja lilikutwa limejikunja kwenye mwembe.

Bloku la pili: varanda imekwenda pia. Yote, na nguzo mbili. Paa la darasa liko palepale, halijatikisika. Ndani walikuwa wamelala watu, familia zilizokimbia maji, sikuambiwa ni wangapi ila kwenye picha mikeka imejaa ukuta hadi ukuta.

Chini ya picha kulikuwa na sauti ya mestre, sekunde sita. Kiswahili kile kile cha gwaride:

"Camarada! Varanda yako imekwenda. Na yangu imekwenda. Darasa langu lipo!"

Nimeihifadhi. Nilibadilisha simu mara mbili, nimeihamisha mara mbili.

Wa Kwa Njenga

Aisee.

Nondo 16

Kiufundi hiyo ndiyo tafsiri sahihi ya kipande cha kujitoa mhanga. Unakiacha kiende ili kikuu kibaki. Mzee alilijua bila kitabu.

Kenchi na Papi

Alilijua kwa sababu alikuwa chini ya paa lililoondoka. Wewe na mimi tulilisoma tukapata B.

Bloku la kwanza liliezekwa upya miezi kadhaa baadaye, kwa namna ya bloku la pili. Michoro ya kuezeka upya ilifanywa na yule kijana, safari hii kwa mkataba. Nilichangia pesa ya bati. Sioni kama ni sadaka, lilikuwa deni.

mdogo_wa_ardhi

Kaka, sasa sisi tunaotaka kwenda tufanyeje? Au tusiende kabisa?

Kenchi na Papi

Nendeni, ila si kwa wiki mbili. Wiki mbili hujui hata mchanga wao una chumvi au hauna, na mchanga wa chumvi unakula nondo ndani ya zege.

Kabla hujasaini, liulize shirika swali moja: huko mnakokwenda kuna mbunifu wa kwao? Wakijibu hakuna, usiamini, tafuta mwenyewe. Akiwepo, omba uwe msaidizi wake. Wakikataa, umejua ni mradi wa namna gani. Lugha anza miezi mitatu kabla. Kibali cha kufanya kazi kishughulikiwe na wao kabla hujapanda ndege, kuingia kama mtalii hakukupi ruhusa ya kazi hata kama hulipwi. Bima isome mwenyewe, hasa kipengele cha kurudishwa nyumbani ukiugua. Kama huna akiba kama nisivyokuwa nayo mimi sasa, angalia nafasi za UNV (mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa), wale wanatoa posho ya kujikimu, angalau kodi ya mama watoto haitasimama.

Na usichore kabla hujafika. Chora ukiwa umelowa mara moja na mvua ya pale.

mwl_kivinje

Samahani kuingilia wakuu, mimi ni mwalimu, Kilwa. Nimesoma uzi wote usiku nikatoka nje na tochi kutazama paa la darasa letu. Hidaya ilituacha, sijui kwa nini. Jengo ni la nguvu za wananchi, bati geji 30, kenchi zimefungwa kwa waya kama ulivyosema, na varanda ni bati moja na darasa. Kamati ya wazazi ina laki sita. Tutafanya nini na laki sita?

Kenchi na Papi

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa kutoka na tochi.

Laki sita si haba. Usiezue. Anza na varanda: fundi akate bati pale juu ya ukuta, atenganishe, lile la varanda alishushe kidogo lisimame lenyewe. Hiyo ni kazi ya siku mbili na misumari.

Kinachobaki nenda nacho kwa fundi wa kuchomelea akukatie vyuma bapa, vipindwe, vipite juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili za ukuta hadi kwenye lenta, vikamatwe na bolti. Kenchi zote zikishindikana, anza na zile za mwisho kila upande na za kwenye kona, kisha uingie ndani kadiri pesa inavyoruhusu. Misumari ya ukingoni iongezwe, na ncha zipindwe chini ya papi. Hii ya kupinda hata wanafunzi wa darasa la saba wanaweza, mtu mzima akiwa ameshika ngazi.

Ila kwanza nahitaji kujua kama jengo lina lenta kweli au tofali zimepanda tu hadi juu. Kama halina, mpango unabadilika, bolti haitakuwa na cha kukamata.

mwl_kivinje

Sina uhakika mkuu. Limepigwa plasta. Nitapiga picha kesho asubuhi nikutumie, la nje linaonekana vizuri sana likipakwa jua.

Kenchi na Papi

La nje sihitaji, mwalimu. Panda juu ya dawati ndani, upige pale kenchi inapokalia ukuta. Na ugonge plasta kidogo hapo chini yake kwa msumari, uone ni zege au tofali.

Nondo 16

Niko Lindi hadi Ijumaa kikazi. Mwalimu, nikipita Kivinje naweza kulitazama. Bure, usinitafutie mkalimani.